Je, Mgonjwa Haulizwi Uji?



Kabla hujajua kusoma, barua zako ulimpa nani akusomee? Fikiri vizuri kabla ya kujibu. Hukumpa kila mtu. Pengine jirani yako alikuwa na kijana hodari wa kusoma, lakini hakujua kutunza siri. Huyo hukumpa. Ulipita nyumba tatu, ukaenda mpaka ya nne, kwa mtoto wa dada yako, kwa sababu yeye alisoma kilichoandikwa, akanyamaza. Siku hizi mambo ni ya simu. Ujumbe wa fedha unaingia, na asiyejua kusoma anampa mtu mwingine simu pamoja na namba ya siri. Hapo pia mtu huchagua. Akikosea kuchagua, fedha za mpunga zinakwenda.

Basi, wewe unajua jambo ambalo wengi waliosoma tangu utotoni hawalijui. Unajua kwamba kuhitaji msaada si aibu. Unajua pia kwamba msaada unakuwa mchungu kama huwezi kumchagua anayekusaidia, wala kumwambia afanye nini, wala kumwambia basi, imetosha.

Nataka tuzungumze habari za wenzetu wenye ulemavu, hapa Chimala na katika vijiji vya jirani, kuanzia mashamba ya mpunga kule bondeni mpaka kwa ndugu zetu wanaoteremka kutoka Matamba kwa ile barabara ya kona 57. Sitazungumza habari za kuwahurumia. Huruma tunayo, tena nyingi. Nataka kuzungumza habari za kuwauliza.

Wazee walisema: Mgonjwa haulizwi uji. Ni methali nzuri. Maana yake ni kwamba ukimwona mtu ana shida, usisimame mlangoni ukimwuliza kama anataka msaada. Koroga uji, mpe. Mimi siipingi methali hii kwa mgonjwa wa siku tatu. Lakini mtu ambaye miguu yake imepooza tangu akiwa mtoto si mgonjwa. Yeye ni mzima kama wewe. Ataishi hivyo miaka 40, 50 au 60. Je, atakunywa uji ambao hakuulizwa kwa miaka 60?

Mimi mwenyewe sikulijua jambo hili mpaka lilipofika mwilini mwangu. Mwaka mmoja, wakati wa mavuno, nilianguka kutoka juu ya lori la mpunga. Mguu ukavunjika. Nililala nyumbani miezi mitatu na zaidi, mguu umefungwa hogo. Watu wa nyumbani walinipenda, nasema kweli. Waliniosha, walinilisha, walifukuza hata kuku wasinipigie kelele. Lakini kila asubuhi na kila jioni nililetewa uji wa ulezi, na uji wa ulezi mimi siupendi. Nilisema mara mbili. Nikajibiwa kwamba unaongeza damu. Kitanda changu kilihamishiwa chumba cha nyuma ili nipate utulivu, nami nilitaka kukaa mahali ninapoona barabara na watu wanaopita. Wageni walipokuja kunitazama, walimwuliza mke wangu: "Amelalaje? Anakula?" Nami nipo pale pale, macho yangu yanawatazama.

Kisha ndugu yangu akauza mpunga wangu, magunia saba. Aliuza mwezi wa Juni, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Mimi nilikuwa nimekusudia kuuweka mpaka Januari. Ndugu yangu hakuniibia hata senti moja. Alileta fedha zote, akazihesabu mbele yangu. Nilipomwuliza kwa nini hakunishauri, alishangaa. Alisema: "Ulikuwa unaumwa, kaka." Nilivunjika mguu, ndugu msomaji. Sikuvunjika kichwa.

Mimi nilipona. Hogo lilitolewa, nikasimama, na tangu siku ile kila mtu alianza tena kuniuliza. Ndipo nikawafikiria wale ambao hogo lao halitolewi.

Nao si wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wa nchi yetu wenye umri wa miaka 7 na zaidi, watu 11 hivi wana ulemavu wa aina fulani. Katika darasa la watu 30 hao ni watatu. Hebu tazama darasani mwenu sasa. Wako watatu? Kama hawapo, wako wapi? Nani aliamua kwamba wasije?

Kuna fundi viatu mmoja ambaye hukaa karibu na stendi, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Miguu yake ilipooza kwa polio. Hutembea kwa gongo moja na kwa kushika vitu. Nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji wa maji ya mpunga. Siku moja walikuja wageni wakiwa na baiskeli za magurudumu matatu, zile za kuendesha kwa mikono. Wakampa moja. Palikuwa na hotuba, na watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi.

Baada ya miezi michache niliikuta baiskeli ile nyumbani kwa jirani yake, karibu na barabara. Watoto walikuwa wanaichezea na mnyororo ulikuwa umeota kutu. Nilikasirika kidogo. Nikamwendea fundi, nikamwuliza kwa nini hatunzi mali. Yeye aliendelea kushona kiatu mpaka alipomaliza uzi. Kisha akasema: "Hebu nenda ukatazame njia ya nyumbani kwangu."

Nilikwenda. Njia ile ni ya mguu, upana wake kama mkeka. Wakati wa masika ni matope matupu. Na juu ya mfereji kuna gogo moja tu la kuvukia. Baiskeli ya magurudumu matatu itapita wapi? Yeye mwenyewe huvuka gogo lile kwa kukaa na kujisogeza kidogo kidogo, jioni na asubuhi, kila siku. Shida yake kubwa haikuwa barabara kuu. Barabara kuu alikwisha kuizoea. Shida yake ilikuwa gogo.

Nikarudi, nikamwuliza: "Kwa nini hukuwaambia?"

Akanijibu: "Nani aliniuliza? Niliambiwa nikae vizuri, nipigwe picha."

Mbao nne na misumari ingetosha. Baiskeli ile ilikuwa ghali mara nyingi kuliko mbao nne. Sisemi kwamba baiskeli hizi ni mbaya. Kwa mtu anayekaa mahali pa tambarare, penye njia pana, baiskeli kama ile ni miguu. Lakini anayejua kama ni miguu au ni chuma ni yule anayeketi juu yake.

Hapa nataka kusema kidogo juu ya lugha yetu, kwa kuwa sasa wewe ni msomaji na unayatazama maneno kwa macho. Zamani tulisema kilema, kipofu, kiziwi, kiwete. Yote yanaanza na ki-, kama kiti, kikapu na kisu. Ni kweli kwamba hata kiongozi na kijana huanza na ki-, nao hawajalalamika. Lakini wenzetu wameomba tuseme mtu asiyeona, mtu mwenye ulemavu, ili neno "mtu" litangulie. Ombi hili halina gharama. Neno linaloniudhi mimi zaidi ni jingine: "wasiojiweza." Fundi yule anashona viatu, analipa kodi ya kibanda, anasomesha watoto wawili. Asiyejiweza ni nani hapo?

Sheria za nchi nazo zimesafiri mwendo huo huo. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Mwaka uliofuata, 1982, Bunge letu lilitunga sheria mbili. Moja ilihusu ajira zao. Ya pili ilihusu matunzo yao. Wakati ule hiyo ilikuwa hatua kubwa, nasi tusiidharau. Lakini litazame neno lenyewe: matunzo. Tunatunza ng'ombe, tunatunza shamba. Anayetunzwa hasemi.

Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu cha 19 cha mkataba huo kinasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali atakapokaa na mtu atakayekaa naye, sawa na watu wengine. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, nayo ikachukua nafasi ya zile za mwaka 1982. Sasa sheria haizungumzi matunzo peke yake. Inazungumza utu wa mtu na uhuru wake wa kuamua mambo yake mwenyewe.

Siku ya kupiga kura umeliona jambo hili likitendeka. Mtu asiyeona haingii kituoni akashikwa mkono na yeyote tu. Huruhusiwa kuja na mtu anayemwamini, aliyemchagua mwenyewe. Au akijua nukta nundu, hutumia kifaa maalumu na kupiga kura yake peke yake. Kwa nini? Kwa sababu tumekubali kwamba kura ni yake. Basi, kama kura ni yake, na uji je? Na kitanda je? Na magunia yake ya mpunga je?

Huko Marekani kulikuwa na kijana aliyeitwa Ed Roberts. Alipata polio akiwa na umri wa miaka 14, mwaka 1953, akapooza karibu mwili wote. Hata kupumua alisaidiwa na mashine. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, na kwa kuwa mabweni hayakumfaa alilazwa katika hospitali ya chuo. Baadaye wanafunzi wengine wenye ulemavu walikuja kukaa pale pamoja naye. Wakaanza kuulizana: Kwa nini watu wengine waamue tuamke saa ngapi na twende wapi? Wakawa wanachagua wasaidizi wao wenyewe na kuwafundisha kazi, jinsi ya kumwinua mtu na jinsi ya kumvika nguo. Mwaka 1972 walifungua kituo chao, kikiendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Na mwaka 1975 Roberts akapewa kuongoza idara ya serikali ya jimbo iliyohusika na watu wenye ulemavu. Idara hiyo hiyo iliwahi kumwona kuwa ana ulemavu mkubwa mno, hataweza kufanya kazi.

Wazo hilo likaenea. Sweden ilitunga sheria iliyoanza kutumika mwaka 1994. Chini ya sheria hiyo, mwenye ulemavu mkubwa hupata fedha za kumlipa msaidizi anayemchagua. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1996, ili halmashauri ziweze kumpa mtu fedha mkononi badala ya kumpelekea mtumishi asiyemjua.

Utaniambia: "Ndugu mwandishi, hizo ni nchi tajiri. Sisi hatuna fedha za namna hiyo." Ni kweli. Hapa kwetu msaidizi ni mama, ni dada, ni mke, ni mtoto. Hawalipwi na mtu. Ninamjua mama mmoja ambaye kwa miaka mingi alimbeba mwanawe mgongoni, mpaka mtoto akawa mkubwa karibu kumshinda mama. Mama huyu amechoka. Nikimwambia aanze kumwuliza mwanawe kila jambo, anaweza kunirushia mwiko, nami sitamlaumu. Anayesaidia naye ni mtu. Mwenye ulemavu akipewa nafasi ya kuchagua kutoka watu watatu au wanne, mzigo haumwelemei mmoja. Mama yule hana wa kupokezana naye, kwa sababu sisi majirani tunasema, "Mama yake yupo."

Tena sisemi kwamba mwenye ulemavu apewe kila anachotaka. Nani kati yetu hupewa kila anachotaka? Nyumba ikiwa na ugali na maharage, atakula ugali na maharage. Lakini mambo mengi hayahitaji fedha. Kumwuliza mtu kama anataka kuoga asubuhi au jioni ni bure. Kumwuliza mwanamke ni nani amwogeshe ni bure, na hili ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Msichana ambaye hawezi kutumia mikono yake ana aibu kama msichana mwingine yeyote. Akikataa kuogeshwa na mtu fulani, msimwite mkaidi. Msikilizeni, tena mwulizeni sababu pasipo na watu. Huenda kuna jambo baya ambalo hajapata wa kumwambia.

Na wale ambao ulemavu wao ni wa akili, au hawawezi kusema? Hapa kazi ni ngumu zaidi, sitakudanganya. Lakini mtu asiyesema ana macho, ana uso, ana mikono. Mwonyeshe shati mbili, utaona anatazama ipi. Mtu anayekaa naye kwa uvumilivu hujua. Kiziwi naye ana lugha yake ya alama. Nilipata kuwa katika hospitali moja, mganga akazungumza na mama wa binti kiziwi nusu saa nzima: binti anaumwa wapi, tangu lini, ameolewa au hajaolewa. Binti alikuwa amekaa katikati yao kama mzigo uliosubiri gari. Alipotoka nje aligombana na mama yake kwa mikono, kwa ukali sana. Sikuelewa alama zake, ila nilielewa kwamba majibu yale hayakuwa yake.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo penye ugomvi. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini hutoa fedha kwa kaya. Kenya wana mpango ulioanza mwaka 2011 wa kuzisaidia kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Ni mipango mizuri. Lakini kaya ni nani? Kaya haina mkono. Fedha hupokewa na mtu, na mara nyingi mtu huyo siye mwenye ulemavu. Zikifika nyumbani, je, yeye huambiwa ni kiasi gani? Huulizwa zitumikeje? Swali hili nakuachia wewe ulijibu nyumbani kwako, si mbele ya mwalimu.

Kuna pia mikopo ya halmashauri. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge sehemu 10 katika kila 100 za mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Sehemu 4 ni za wanawake, 4 ni za vijana, na 2 ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Ikiwa katika kijiji chako kuna mtu mwenye ulemavu aliyetia sahihi kwenye karatasi ya mkopo, nawe unajua kusoma, msomee karatasi ile. Isome yote, hata maandishi madogo ya chini. Maana wako watu wenye miguu minne mizima, nasema hivyo kwa mzaha, ambao hukumbuka kuwa wana ndugu mwenye ulemavu siku ya mkopo tu.

Sheria ya mwaka 2010 inataka pia kuwe na kamati za watu wenye ulemavu, kuanzia kijijini. Waulizeni viongozi wenu kama kamati hiyo ipo. Kama ipo, ulizeni inakutana lini, na katika hao wajumbe mwenye ulemavu ni nani. Na waulizeni inakutana wapi. Nimewahi kuona ofisi ambayo ina ngazi tano za saruji mlangoni, hakuna pa kushika. Mjumbe anayetembea kwa magongo aliketi nje chini ya mwembe, akisikiliza dirishani kamati ikizungumza habari zake.

Nilikuambia juu ya fundi viatu. Mwaka huu hakusubiri mtu tena. Aliiuza ile baiskeli kwa mwenzake anayekaa karibu na stesheni ya reli, ambaye njia ya kwake ni pana, na kwa fedha zile akanunua mbao nne. Akamwita seremala. Watu wa nyumbani walimwambia akae kazini, kazi itasimamiwa. Alikataa. Alikaa kando ya mfereji tangu asubuhi, gongo mapajani, akiamuru. Ubao wa tatu haukumridhisha, kwa maana uliacha nafasi ambayo ncha ya gongo ingezama. Seremala alisema nafasi ile ni ndogo, haina neno. Fundi alisema ung'olewe. Ukang'olewa, ukapigiliwa upya.

Nilivuka juu ya daraja lile juzi. Ni jembamba kwangu, kwa maana limepimwa kwa mwendo wake.